Vyumba 7,351 na Ndoo ya Maji ya Moto

Nduguti imekuwa makao makuu ya Wilaya ya Mkalama tangu wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Anayelala hapa mara nyingi ameletwa na kazi: mtumishi aliyekuja halmashauri na mafaili yake, mnunuzi wa alizeti au vitunguu, dereva aliyetokea Iguguno anayeelekea upande wa Sibiti. Hulala gesti. Gesti ya kawaida ya mji mdogo kama huu haina ghorofa. Vyumba vimezunguka ua, mhudumu ni mmoja au wawili, na kabla ya kukabidhiwa ufunguo unajaza kitabu cha wageni: jina, kabila, utokako, uendako. Alfajiri mlango unagongwa, unaambiwa maji ya kuoga tayari.

Hoteli yenye vyumba vingi kuliko zote duniani, kwa hesabu ya Guinness, ni First World Hotel iliyopo Genting Highlands, milimani nje ya Kuala Lumpur, Malaysia. Iliingia kwenye rekodi mwaka 2006 ikiwa na vyumba 6,118, ikapitwa na hoteli za Las Vegas, kisha ikaongeza jengo na kurudishiwa nafasi yake mwaka 2015 kwa vyumba 7,351. Mgeni akiamua kulala kila chumba usiku mmoja, atamaliza baada ya miaka 20. Kwetu Afrika Mashariki hatujafika hata karibu. Kilimanjaro ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965 na ikawa fahari ya taifa changa, leo ina vyumba 180. Hilton ya Nairobi, ule mnara wa duara uliofunguliwa mwaka 1969 na kufungwa mwishoni mwa 2022, ilikuwa na vyumba 287.

Idadi ya vyumba peke yake haielezi mengi. Chumba cha hoteli ya vyumba 7,000 kina kitanda, taa, bafu na dirisha, kama kilivyo cha gesti ya vyumba 20. Kinachobadilika ni kazi ya kufikisha vitu chumbani na kuviondoa: maji, watu, joto, moshi. Ndiyo maana naamini mtu aliyeielewa gesti ya Nduguti ameshaielewa nusu ya hoteli ya Genting, na yapo mambo ambayo gesti inayafanya vizuri zaidi.

Tuanze na maji, kwa kuwa Singida ni mkoa wa ukame na maji ndiyo habari ya kwanza ya nyumba yoyote. Bafu la mvua la kawaida hutoa lita 8 au 9 kwa dakika, hivyo anayeoga kwa dakika nane anatumia lita 70 hivi. Tuchukulie First World imejaa, kila chumba watu wawili, kila mtu ameoga mara moja. Hizo ni zaidi ya lita milioni moja kabla ya chai ya asubuhi. Kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, kiasi ambacho hakiko mbali na hali ya Singida, ungehitaji paa la mita za mraba 1,700 likinge maji mwaka mzima, bila kupoteza tone, ili watu hao waoge mara moja tu.

Sasa geuza hesabu hiyo uilete Nduguti. Gesti ya vyumba 20 yenye paa la mita za mraba 300, ikikinga asilimia 80 ya mvua ileile, inapata lita 144,000 kwa mwaka. Wageni 20 wakioga kwa ndoo ya lita 20 kila siku, mwaka mzima wanatumia lita 146,000. Yaani paa la bati la gesti linakaribia kuwatosha wageni wake kwa kuoga, mradi waoge kwa ndoo. Wakipewa mabafu ya mvua, mahitaji yanaruka hadi lita 511,000 na paa halifui dafu. Kikwazo kilichobaki ni kuhifadhi: kiangazi cha miezi saba kinataka lita 84,000 ziwe zimesubiri, sawa na matangi tisa ya lita 10,000. Ni gharama kubwa kwa mwenye gesti mmoja, lakini inahesabika, na ningependa kuona halmashauri za mikoa ya kati zikiwafanyia wenye gesti hesabu hiyo wanapochora ramani za majengo.

Maji ya moto ni kisa kingine. Katika jengo kubwa chumba kinaweza kuwa mbali sana na mtambo wa kuchemshia. Bomba likiachwa limetulia, maji yaliyomo yanapoa, na mgeni wa ghorofa ya juu atafungua koki na kungoja huku maji safi yakimwagika. Kwa hiyo hoteli kubwa huwa na bomba la mzunguko: pampu inayazungusha maji ya moto jengo zima usiku na mchana, hata mabafuni pasipo na mtu, na joto linavuja kutoka kwenye mabomba saa zote. Ndoo ya Nduguti inachemshwa kwa ajili ya mtu mmoja, saa anayoitaka.

Maji ya uvuguvugu ndani ya majengo makubwa yana hatari iliyofahamika kwa msiba. Julai 1976, wanajeshi wastaafu wa Marekani walikutana kwenye hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Siku chache baadaye walianza kuugua homa kali ya mapafu. Watu 221 waliugua, 34 wakafariki. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua sababu. Watu walishuku sumu, hata njama. Ni Joseph McDade, mtafiti wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, aliyembaini bakteria huyo, na ugunduzi ukatangazwa Januari 1977. Akaitwa Legionella, kutokana na jina la chama cha wastaafu hao. Huishi majini na hustawi kwenye uvuguvugu, kati ya nyuzi joto 20 na 45. Kwa kawaida hamdhuru anayeyanywa maji hayo. Humdhuru anayevuta pumzi yenye matone madogo sana, kama ukungu wa bafu la mvua au mvuke wa mitambo ya kupozea hewa. Tangu hapo hoteli makini huhifadhi maji ya moto kwenye nyuzi 60, na wahudumu hufungua koki za vyumba vilivyokaa tupu ili maji yaliyolala yatoke.

Tangi jeusi lililopandishwa juu ya mnara, lililopigwa na jua la Singida kutwa nzima, liko ndani ya kiwango hichohicho cha uvuguvugu. Gesti nyingi za mikoani sasa zinaunganisha matangi hayo na mabafu ya mvua, kwa sababu mgeni anataka chumba cha self na anakilipia zaidi. Ni maendeleo mema. Ila yanakuja na wajibu ambao ndoo haikuwa nao: kusafisha tangi, kulifunika, na kuyaacha maji yatiririke dakika chache kwenye chumba kilichokaa wiki bila mgeni. Maji yaliyochemka jikoni yakachanganywa na ya baridi kwenye ndoo, yakamiminwa kwa kopo, hayatoi ukungu wa kuvutwa mapafuni. Wanaoona ndoo ni alama ya umaskini wanastahili kulijua hilo.

Joto la hewa lina habari fupi. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita. Genting iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana vyumba vingi vya kawaida vya First World vilijengwa bila kiyoyozi. Ni mwinuko vilevile unaomfanya mgeni wa kutoka Dar es Salaam aombe blanketi la pili Singida mwezi Juni.

Watu nao wanahitaji njia. Wabunifu wa lifti hujiuliza ni sehemu gani ya wakazi wa jengo itakayotaka kusafiri ndani ya dakika tano za msongamano. Kwa hoteli hukadiria asilimia 10 hadi 15 hivi. Makadirio hayo yanapata mtihani wao mkubwa Makka. Abraj Al Bait, majengo yaliyokamilika mwaka 2012 na ambayo mnara wake wa saa una mita 601, yanatazama Msikiti Mtukufu. Mahujaji wetu waliolala humo au jirani wanaujua msongamano wake: adhana inaita maelfu kwa wakati mmoja, na sala ikiisha wote wanarudi pamoja. Wazoefu hushuka mapema, wengine hubaki msikitini wakisubiri sala inayofuata.

Linalonigusa zaidi ni moshi. Novemba 21, 1980, moto ulianza asubuhi mapema kwenye mgahawa wa chini wa MGM Grand ya Las Vegas kwa hitilafu ya umeme. Jengo lilikuwa na ghorofa 26. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu, mbali kabisa na miale ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ngazi, mashimo ya lifti na nyufa kati ya sehemu za jengo ziliupandisha moshi hadi vitandani. Ndani ya moshi mlikuwa na monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Sehemu kubwa ya jengo, pamoja na mgahawa huo, haikuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzima moto. Baada ya msiba huo sheria za Nevada zilibadilishwa, na hoteli kongwe zikalazimika kuviweka.

Gesti isiyo na ghorofa ina ulinzi ambao fedha za Las Vegas hazikuununua: mlango unaofunguka uani, hatua chache hadi nje. Lakini yapo mawili yanayoweza kuuvunja. Kwanza ni nondo za madirisha. Tumeziweka kwa hofu ya wezi, zimechomelewa moja kwa moja, na moto ukishika upande wa mlango aliye ndani hana pa kutokea. Fundi anaweza kutengeneza fremu moja ya nondo yenye bawaba na komeo la ndani, na mgeni akaonyeshwa siku anapoingia. Pili ni jiko la mkaa. Usiku wa baridi ya Juni na Julai, mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga dirisha, analala. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha unatoa gesi ileile iliyoua Las Vegas, na kwa kuwa mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, aliyelala hapati onyo. Kila mhudumu wa gesti kwenye nyanda za baridi anapaswa kuwa na ruhusa ya kukataa jiko chumbani, hata kama mgeni ni bosi, na awe na blanketi la ziada la kumpa.

Kuhusu usingizi wenyewe, ukubwa wa hoteli haumsaidii mtu. Mwaka 2016 Masako Tamaki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti wa ubongo wa watu waliolala mahali pageni. Usiku wa kwanza, sehemu ya nusu ya kushoto ya ubongo haikuzama kwenye usingizi mzito kama ya kulia. Iliendelea kusikiliza, na sauti zilizopelekwa sikio la kulia ziliwaamsha watu haraka zaidi. Waliporudi kulala palepale siku nyingine, tofauti hiyo ilikuwa imekwisha. Nusu ya ubongo wa mgeni inashika lindo, awe Genting akisikia milango ya ushoroba mrefu ikifungwa, awe Nduguti akisikiza honi ya basi la alfajiri la kwenda Singida.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu na kuona desturi ya bandari hiyo: vijana walikwenda chomboni wakiwa na sahani za chakula zilizofunikwa, kila mmoja akamchagua mfanyabiashara na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Aliyekwisha kufika mara nyingi na kufahamiana na watu wa mji alishukia alipopenda. Kitabu cha wageni kinampa mwenye gesti nafasi ya kusema vilevile, huyu ni mgeni wangu. Mnunuzi wa vitunguu anayekuja kila msimu, akirudishiwa chumba kilekile alicholala mwanzo, atalala usiku ambao kwa ubongo wake si wa kwanza tena, na hilo halimgharimu mwenye gesti hata shilingi.