Lango Lataka Rangi, Nguzo Yataka Dawa

Mkulima, tembea shambani mwako asubuhi moja ukazitazame mbao zote zinazokaa nje: lango, nguzo za ua, banda la ndama na hori la kulishia ng'ombe. Sukuma kila nguzo kwa mkono. Nguzo inayocheza imekwisha kuoza pale inapoingia ardhini, hata kama huko juu inang'aa kwa rangi. Ikianguka usiku, ng'ombe wako wataingia katika mahindi ya jirani, au fahali usiyemjua atawaingilia mitamba wako. Hasara ya usiku mmoja yaweza kupita bei ya nguzo nyingi.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: rangi si dawa. Rangi ni koti tu. Huzuia jua na mvua, lakini haiui mchwa, wala haiponyi ubao ulioanza kuoza. Dawa ni ile inayoingia ndani ya mti. Basi kabla ya kununua mkebe wowote, jiulize: ubao huu utakaa mahali gani?

NGUZO ZINAZOINGIA ARDHINI

Kuvu ziozeshazo mti zahitaji maji na hewa pamoja. Vyote viwili hupatikana karibu na uso wa ardhi, na ndiyo sababu nguzo hukatika hapo, si chini kabisa. Mchwa nao hupita hapo hapo. Ukipaka rangi sehemu hiyo, haitadumu. Kuchoma ncha ya nguzo kwa moto hakusaidii sana pia, maana mti ukipasuka, mchwa hupenya katika ufa.

Wengi waliopewa mashamba katika skimu za nyanda za juu tangu mwaka 1962 walikuta nguzo za mtarakwa zilizodumu miaka mingi bila dawa. Moyo wa mtarakwa una mafuta yake yenyewe ambayo mchwa hawayapendi. Lakini sehemu ya nje, ile nyeupe, huoza upesi kama mti mwingine wowote. Siku hizi mtarakwa ni adimu, na wengi wetu hutumia mkaratusi au saipresi. Miti hiyo ikiwa michanga haifai kuingia ardhini bila dawa.

Nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani kwa mashine ya kusukuma dawa ndani. Mara nyingi huwa na rangi ya kijani, kwa sababu ya shaba iliyomo. Chagua nguzo ya mviringo kuliko iliyopasuliwa, maana dawa hunywewa na sehemu nyeupe ya nje, wala haiingii vizuri katika moyo wa mkaratusi. Ukilazimika kuikata, ncha iliyokatwa iwe juu. Ile nzima ndiyo iingie shimoni.

Kumbuka: nyingi za nguzo hizo zina sumu ya aseniki. Usipikie vipande vyake, wala usimwage majivu yake katika bustani ya mboga. Visitengenezwe hori wala mizinga ya nyuki.

MAFUTA MEUSI

Zamani wakulima wengine walichemsha nguzo katika pipa la kreosoti. Dawa hiyo ina nguvu, lakini huunguza ngozi, mvuke wake ni mbaya, na imejulikana kwamba yaweza kuleta saratani. Usiichemshe nyumbani kwako.

Wengine hupaka mafuta machafu ya gari kwa sababu hupatikana bure. Mafuta hayo hayaingii ndani sana, mvua huyaosha, na huchafua udongo na maji. Tena yaweza kuwa na risasi na madini mengine yenye sumu. Ndama hupenda kulamba mbao. Ndama aliyekula risasi husaga meno, hutetemeka, huwa kipofu, na mara nyingi hufa. Basi katika banda la ndama na kwenye hori, usipake mafuta hayo wala rangi ya zamani usiyoijua. Kwa hori, ubao mgumu usiopakwa kitu, unaosafishwa na kukaushwa, ni bora.

LANGO, MILANGO NA MBAO ZISIZOGUSA ARDHI

Hapa ndipo rangi inapofanya kazi yake. Fuata njia hii:

1. Kausha mbao kwanza. Zipange kivulini, ukiweka vijiti kati yake ili upepo upite. Ukipaka rangi juu ya mti mbichi, maji yatatoka ndani na kuinua rangi kama malengelenge.

2. Nunua rangi ya nje. Soma mkebe, uhakikishe kwamba haina risasi.

3. Piga msasa, pangusa vumbi, kisha paka rangi ya kwanza ya kushikilia. Ikikauka, paka rangi ya juu mara 2. Rangi mbili nyembamba hudumu kuliko moja nzito.

4. Paka sana vichwa vya mbao, yaani pale msumeno ulipokata. Mti hunywa maji hapo upesi kuliko ubavuni.

5. Kata kichwa cha nguzo ya lango kwa mshazari, ili mvua iteremke. Lango lisiburute chini, wala samadi isirundikane penye mbao.

Kama rangi ya zamani inabanduka, usiikwaruze ikiwa kavu. Iloweshe kwanza, na watoto wakae mbali, maana vumbi lake laweza kuwa na risasi. Ukiona ufa au mahali palipomenyeka, paka upya mara moja. Usingoje lango zima liharibike.

Usinunue kila kitu kwa siku moja. Fedha zikiwa chache, anza na nguzo mbili za lango na zile za pembeni, kwa sababu ndizo zinazovuta waya wote. Rangi ya lango yaweza kungoja. Nguzo iliyooza haiwezi. Na kazi ya rangi ifanye Januari na Februari, mbao zikiwa kavu, kabla mvua ndefu za Machi hazijaanza.