Haki za Mwanamke Visiwani: Baada ya Kura, Nyumba

Kijana anayewaona akina mama wamejipanga vituoni siku ya uchaguzi, huenda asijue kwamba katika uchaguzi wa kwanza wa Unguja na Pemba, Julai 1957, hakuna mwanamke aliyepiga kura. Haki hiyo ilikuwa ya wanaume, tena wale waliotimiza masharti yaliyowekwa na wakoloni. Wanawake waliipata katika uchaguzi wa Januari 1961.

Lakini kura ni jambo moja, na sheria za nyumbani ni jambo jingine. Mwaka 1985, miaka 21 baada ya Mapinduzi, tulitunga sheria ya kumpeleka jela mwanamke asiye na mume akipata mimba. Ati ilikuwa sheria ya kumlinda! Mwanamume aliweza kukana. Mwanamke angekanaje naye amebeba ushahidi tumboni? Kifungo hicho kiliondolewa na sheria ya 2005.

Lililobaki zito ni mali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kimeshikwa zaidi na wanawake. Maji yakitoka, mama hushuka pwani, hufunga mbegu kambani, akarudi na gunia bichi kichwani. Fedha ile ndiyo hununua saruji na mabati, ilhali kiwanja kimeandikwa jina la mume. Ikitamkwa talaka, mwenye jina hubaki na nyumba, na mwenye jasho hurudi kwao na nguo zake.

Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imefungua njia ya kuzingatia mchango wa kila mmoja katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Wapo wanaonung'unika kuwa huo ni uzushi. Sisi tuliosoma chuoni twafahamu kuwa Uislamu ulimpa mwanamke haki ya kumiliki alichokichuma tangu karne 14 zilizopita. Kumrudishia chake si uzushi hata kidogo.

Tatizo ni ushahidi, kwani mke na mume hawaandikiani stakabadhi. Hapa ndipo masheha na maofisa wa ardhi wanapohitajika. Mume na mke wanapokuja kuomba kiwanja, waulizwe mbele ya mashahidi nani anatoa nini, na majina yote mawili yaandikwe kabla msingi haujachimbwa.