Matete, Mafunjo na Kaboni Dioksaidi

Wilayani Rungwe, katika eneo la mlima wa volkeno wa Kyejo, si mbali na Tukuyu, kaboni dioksaidi hutoka ardhini yenyewe. Huko Ikama huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Lakini ongezeko la hewa hiyo duniani latokana hasa na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwapo sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa zimepita 420.

Ongezeko hilo layagusa pia mabwawa ya mimea yanayosafisha maji machafu. Mmea hutumia kaboni dioksaidi kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Ikizidi, matete huweza kukua upesi, na hupoteza maji kidogo, maana vitundu vya majani havifunguki sana. Mafunjo hayanufaiki kiasi hicho, kwa kuwa yana njia yake ya kuilimbikiza hewa hiyo ndani ya seli.

Je, maji yatakuwa safi zaidi? Si lazima. Sehemu kubwa ya naitrojeni huondolewa na bakteria waishio mizizini na topeni. Tena, matete yakiachwa yaoze bwawani, huyarudishia maji naitrojeni na fosforasi yaliyozifyonza. Basi shule yenye bwawa la namna hiyo haina budi kuyakata kwa wakati na kuyatoa nje. La sivyo, uchafu uliodhaniwa kuwa umekwisha utafika mtoni, wanakoteka maji watu wa bondeni.