Zamu ya Usiku na Mchakamchaka wa Asubuhi: Usingizi wa Askari Uwekwe Wapi?

Katika kambi nyingi za Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, siku huanza saa 12:30 asubuhi, bendera inapopandishwa na vikosi vinapojipanga uwanjani kwa mazoezi ya viungo ambayo huchukua takriban saa nzima na ambayo askari hana hiari ya kuyakosa. Ratiba hiyo ina sababu za msingi, kwani huwakutanisha askari wa kombania kabla hawajatawanyika kwenye karakana, ofisi na maghala, huwaepusha na jua kali la mchana, na hujenga mshikamano ambao jeshi lolote linauhitaji. Hata hivyo, ilipangwa kwa kumfikiria askari aliyelala usiku, ilhali wapo polisi wa jeshi wanaolinda malango, wauguzi wanaohudumia wodi na mafundi wanaotengeneza ndege usiku kucha, ambao saa hiyo huwakuta wakimaliza siku yao ya kazi.

Uzito wa jambo hili huonekana saa za askari mmoja zinapohesabiwa. Polisi wa jeshi anayeingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi hawezi kuondoka papo hapo, kwa kuwa ni lazima akabidhi lindo kwa mwenzake, arudishe silaha ghalani na akamilishe ripoti ya matukio ya usiku. Akitakiwa uwanjani saa 12:30, hubadili sare haraka, hukimbia mchakamchaka pamoja na wenzake walioamka punde tu, huruhusiwa saa 1:30, na baada ya kuoga, kula na kuendesha gari hadi nyumbani, hufika kitandani yapata saa 3. Ikiwa aliamka saa 10 jioni, amekaa macho saa 17. Na ikiwa huo ni usiku wake wa kwanza wa zamu, baada ya kuamka asubuhi kama watu wengine, amekwisha kupitisha saa 24.

Hatari ya hali hiyo ilipimwa zamani. Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa uwezo wa kuratibu macho na mikono kiasi sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na kwamba baada ya saa 24 upungufu huo hufikia ule wa asilimia 0.10, kiwango kinachozidi kile anachoruhusiwa dereva katika majimbo yote ya Marekani.

Kiini cha tatizo ni saa ya mwili, yaani mfumo wa ndani unaopanga kwa mzunguko wa takriban saa 24 nyakati za kulala, joto la mwili na utoaji wa melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi. Wanasayansi Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufichua jinsi mfumo huo unavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Kwa kuwa saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga unaopita machoni, askari anayekimbia juani asubuhi huuambia ubongo wake kwamba mchana umeanza, wakati ambapo anahitaji kuuaminisha kwamba usiku ndio unaingia. Usingizi wake wa mchana huwa mfupi na wa kukatikakatika, na hapo hujitokeza deni la usingizi, yaani upungufu unaolimbikizana siku hadi siku na ambao hauishi kwa kulala sana mara moja.

Jeshi lenyewe linalijua jambo hili. Mwongozo wake wa siha, FM 7-22, uliotolewa Oktoba 2020, unautaja usingizi kuwa mojawapo ya nguzo tano za utayari wa askari, sambamba na mwili, lishe, akili na roho. Jeshi la Wanamaji lilifundishwa kwa msiba, kwani mwaka 2017 meli zake za kivita Fitzgerald na John S. McCain ziligongana na meli za biashara katika ajali mbili tofauti, mabaharia 17 wakapoteza maisha, na uchovu ukatajwa miongoni mwa sababu; baada ya hapo meli ziliagizwa zipange zamu kwa kufuata saa ya mwili.

Kwa msingi huo, suluhisho linalofaa ni kuyahamishia mazoezi ya askari wa usiku kabla ya zamu, kwa mfano saa 10:30 jioni, wakati ambapo wamekwisha kulala na joto la mwili, linalosaidia misuli kufanya kazi vizuri, liko karibu na kilele chake. Zamu nazo zisibadilishwe kila wiki, kwa sababu mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea saa mpya. Askari mwenyewe ana sehemu yake: aache kahawa katika nusu ya pili ya zamu, avae miwani ya jua anaporudi nyumbani iwapo haendeshi gari akiwa na usingizi, na alale katika chumba chenye giza na utulivu.

Baadhi ya masajini huhofia kwamba mpangilio huo utaonekana kuwa upendeleo. Hofu hiyo haina mashiko, kwa sababu mtihani wa siha ulioanza Juni 2025, wenye kunyanyua chuma, pushapu, mbio fupi za kuvuta na kubeba mizigo, planki na mbio za maili mbili, huwapima askari wa mchana na wa usiku kwa kanuni zile zile. Mkuu wa kikosi anayempa mlinzi wa usiku nafasi ya kulala hampunguzii wajibu hata mmoja. Anatekeleza mwongozo wa jeshi lake, na anahakikisha kwamba mtu aliyekabidhiwa bunduki na lango usiku wa manane ana akili timamu ya kuamua lini aitumie na nani amfungulie.