Kasia, Injini na Moyo wa Mvuvi wa Faza

Katika mji wa Faza, ulioko kaskazini mwa kisiwa cha Pate, mazoezi ya mwili hayakuhitaji kutengewa wakati kwa vizazi vingi, kwani yalikuwa ndani ya kazi yenyewe: mvuvi alipiga kasia au alisukuma dau kwa upondo maji yalipokupwa, mkata boriti alikanyaga matope ya mikoko na mzigo begani, na mwenye haja katika mji jirani wa Siyu alikwenda kwa miguu. Injini na bodaboda zimeipunguza sana taabu hiyo, jambo ambalo hakuna wa kulaumiwa kwalo, ila pamoja na taabu imeondoka kinga ambayo wenyewe hawakujua kuwa wanayo.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, ulioonyesha kwamba madereva, waliokaa kitini kutwa, walipatwa zaidi na maradhi ya moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tiketi. Baadaye Morris mwenyewe alibaini kuwa madereva walikuwa wanene zaidi tangu kuajiriwa, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kuwa harakati huulinda moyo. Mpiga kasia na mshika usukani wa boti ya injini wanatofautiana vivyo hivyo.

Mpiga kasia hukaza nyayo, huinama mbele, kisha huvuta kwa mgongo na mapaja, wala si kwa mikono pekee. Misuli hiyo mikubwa inapofanya kazi, huifyonza sukari iliyomo katika damu hata pale insulini, yaani homoni ya kongosho inayoifungulia sukari njia ya kuingia katika seli, inapokuwa dhaifu. Ndiyo sababu matembezi mafupi baada ya sahani ya wali humfaa sana mwenye kisukari. Damu nayo, ikipita kwa kasi, huufanya ukuta wa ndani wa mishipa utoe nitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa hiyo, na mtu akidumu hivyo kwa miezi, shinikizo la damu hushuka.

Akili hufaidika pia, na hili halisemwi vya kutosha. Kusi inapovuma kwa nguvu, mvuvi hukaa bandarini siku nyingi bila pato, na wasiwasi hukua pamoja na uvivu wa viungo. Mazoezi ya mara kwa mara hupunguza dalili za wasiwasi na sonono na huleta usingizi mzito, ingawa aliyezidiwa huhitaji pia tiba ya daktari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, uliohusisha wazee 120, uliona kwamba waliotembea kwa mwaka mmoja waliongezeka kwa takriban asilimia 2 ukubwa wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Kiasi hicho hutimia kwa nusu saa ya matembezi baada ya sala ya alasiri, siku 5 kwa wiki, na akina mama wanaweza kutoka kwa makundi. Mwenye maumivu ya kifua au presha isiyodhibitiwa apimwe kwanza hospitalini.