Chumvi ya Damu na Mashine ya Mwangwi



Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani, na sasa natibu wagonjwa hapa Juba, Sudan Kusini. Napenda kuwaeleza jambo moja la kazi yangu, maana asili yake ni masomo mnayofundishwa darasani.

Damu ya mtu mwenye afya ina chumvi iitwayo sodiamu, kiasi cha milimoli 135 hadi 145 katika kila lita. Ikipungua sana ubongo huvimba. Mgonjwa hutapika, huchanganyikiwa, na aweza kushikwa na degedege na kufa.

Lakini kujua kwamba imepungua hakutoshi. Chukueni wagonjwa wawili, kila mmoja ana 120. Wa kwanza ameharisha siku tatu, labda kwa kipindupindu, kama kile kilichozuka Juba mwaka 2014. Amepoteza maji na chumvi, kisha amekunywa maji matupu. Huyu ataka dripu ya maji ya chumvi. Wa pili moyo wake ni dhaifu. Maji yamemjaa miguuni na mapafuni, yakaizimua chumvi. Huyu ukimpa dripu ile waweza kumzamisha. Yafaa apunguziwe maji ya kunywa na apewe dawa ya kukojosha.

Twawatambuaje? Macho na mikono huweza kukosea. Ndipo inapotufaa ultrasaundi, mashine ndogo iletwayo kitandani. Hupeleka mwilini sauti nyembamba mno zisizosikika, kisha huchora picha kwa mwangwi wake. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za tumbo za namna hiyo mwaka 1958.

Kwanza twatazama mshipa mkubwa upandishao damu moyoni kutoka tumboni. Ukiwa mwembamba, tena hunywea mgonjwa avutapo pumzi, yaelekea maji ni machache. Ukiwa umetanuka wala haunywei, huenda yamezidi. Kisha twatazama moyo wenyewe, na mapafu: mistari mingi myeupe ishukayo yaweza kuwa dalili ya maji.

Lakini mashine haipimi sodiamu. Hiyo ni kazi ya maabara. Tena wako wagonjwa ambao maji yao hayaonekani kuzidi wala kupungua. Hao hupimwa mkojo na kuulizwa dawa wanazotumia. Mwenye degedege hutibiwa mara moja, bila kungoja picha. Hata hivyo chumvi hairudishwi kwa pupa: ikipanda zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, ubongo waweza kudhurika kabisa.

Basi mwanafunzi aulizaye somo la sauti na mwangwi litamfaa nini, na ajue kwamba huku husaidia kuamua nani apewe maji na nani anyimwe.