Mashine za Umeme za Kiuno: Nafuu Ipi, Hatari Ipi

Keti barza yoyote, Kisauni au Likoni, hukosi mtu wa kulalamikia kiuno. Ni hamali aliyebeba magunia ujana wake wote, mama aliyeinamia mbuzi ya nazi tangu utotoni, au dereva wa tuktuk. Siku hizi suali lao ni moja: je, ile mashine ya umeme yatibu kweli? Naliandikia jambo hili kwa sababu kuna watu mtaani kwetu waliotoa pesa za karo kuinunua, na kuna wenye kisukari walioambiwa na wauzaji kwamba umeme utawafungua mishipa, wasihitaji tena vidonge. Hapo ndipo penye hatari.

Tuanze na chenyewe. Ni kiboksi cha betri, ukubwa wa simu, chenye nyaya na vibandiko vya gundi. Hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi hadi kwenye neva, na mtu huhisi kama anatambaliwa na sisimizi. Madaktari hukiita TENS.

Kinavyofanya kazi kulielezwa vyema mwaka 1965 na wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall. Walisema kwenye uti wa mgongo pana kitu mfano wa mlango. Hisia za kuguswa na za maumivu zote hupitia hapo kwenda kwenye ubongo. Za kuguswa zikizidi, mlango hujifinya na maumivu hupungua. Ndiyo maana ukijigonga goti, mkono wenyewe hukimbilia kulisugua. Mashine ikiwekwa mapigo kama 80 hadi 120 kwa sekunde, hufanya kazi hiyo ya kusugua.

Wala si jambo geni. Takriban miaka 2,000 iliyopita, tabibu wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliandika kuhusu kutuliza maumivu ya kichwa na jongo kwa samaki wa umeme, wa jamii ya taa. Mvuvi aliyewahi kumshika samaki huyo hahitaji kuelezwa ganzi yake.

Lakini kutuliza si kutibu. Mashine hairudishi pingili iliyohama wala haiponyi neva iliyoharibiwa na sukari. NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, iliwaambia madaktari mwaka 2016 wasiwape TENS wagonjwa wa kiuno, hata kama maumivu yashuka mguuni, kwa kuwa ushahidi wa faida haukutosha. Ilichohimiza ni mazoezi na kuendelea na shughuli. Wapo wanaopata nafuu, sikatai, ila mara nyingi huondoka mashine ikizimwa.

Kuna umeme mwingine ambao wauzaji huuchanganya na huu. Huo ni kifaa kinachopandikizwa mwilini kwa upasuaji, waya wake ukakaa karibu na uti wa mgongo. Kilianza kujaribiwa Marekani mwaka 1967, na mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya huko iliruhusu kitumike kwa maumivu ya neva ya kisukari. Mgonjwa hujaribishwa kwanza kwa siku chache kabla ya kupandikizwa kabisa. Basi ukionyeshwa habari za kifaa hicho ili uuziwe kiboksi cha betri, jua unazugwa.

Wako wasiofaa kujiwekea TENS bila idhini ya daktari: mwenye kifaa cha mapigo ya moyo, mwenye kifafa, na mjamzito. Haiwekwi mbele ya shingo, kifuani, wala juu ya kidonda. Na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu asiiweke hapo, kwa sababu ikimuunguza hatajua. Ajabu ni kwamba huyo ndiye anayefuatwa zaidi na wauzaji.

Tena ziko dalili zisizongoja kesho. Ukishindwa kuzuia haja, ukipata ganzi baina ya mapaja, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukichelewa, waweza kupooza.

Kabla ya kununua, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za kaunti wanao, na tangu sheria ya mwaka 2014 wana baraza linalowasajili. Mwombe akuwekee mashine yake mara moja mbili uone kama yakufaa, na akufunze mazoezi.

Dini yetu yatuhimiza kutafuta dawa, na yaharamisha ghushi katika biashara. Nawaomba maimamu na wazee wa mitaa wasiwape wauzaji hawa uwanja wala kipaza sauti kabla ya kumwita daktari asikilize wanachokisema. Na wewe ndugu yangu, yeyote atakayekwambia uache dawa ya sukari au ya presha kwa ajili ya mashine, mrudishie mashine yake.